Amri ya Kuazima: Asili na Wadhifa wa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania

Katika nchi yetu wako watu wawili ambao askari yeyote, awe kuruta wa jana au brigedia mwenye mvi, hukakamaa mbele yao kwa taadhima ya juu kabisa, na raia wengi, hasa vijana waliozaliwa baada ya vita vya Kagera, huyachanganya majina ya vyeo vyao: mmoja ni Amiri Jeshi Mkuu, na wa pili ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Wa kwanza si lazima awe amewahi kushika bunduki maishani mwake. Hupatikana kwa kura za wakulima, wavuvi na wachuuzi, na muda wake ukiisha huondoka. Wa pili amevaa sare tangu ujana, amelala mahandakini, amepanda ngazi ya vyeo daraja kwa daraja mpaka ikamwishia, na chini yake limo jeshi zima pamoja na vifaru, ndege na manowari zake. Lakini hana hata risasi moja anayoweza kuipeleka vitani kwa ridhaa yake mwenyewe. Nguvu zote anazozishika ni za kuazima. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza leo kwa nafasi, kwa sababu naamini kwamba fahari ya cheo hiki imo ndani ya kule kuazima, na kwamba watu wa nchi jirani walilipa kwa damu pale mwenye kuazima alipojifanya mwenye mali.

Sheria imeliweka jambo hili wazi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 33, humtaja Rais kwa nyadhifa tatu, yaani Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Na ibara ya 148 humpa uwezo wa kuyaamuru majeshi ndani na nje ya mipaka kwa ajili ya ulinzi, na wa kuwateua wale watakaoyaongoza. Ibara ya 147 nayo huharamisha mtu yeyote au chama chochote kuunda jeshi, isipokuwa Serikali peke yake. Kwa hiyo Mkuu wa Majeshi huteuliwa na mtu mmoja, humshauri mtu huyo, hutekeleza amri ya mtu huyo, na hupumzishwa na mtu huyo. Katikati ya mipaka hiyo minne ndimo anamofanyia kazi yake yote.

Nayo majina yenyewe yana historia ya kuvutia, maana kila dola iliyopita pwani yetu iliacha neno lake katika kambi za askari. Amiri na jeshi, na askari mwenyewe, ni maneno ya Kiarabu, yaliyokaa nasi karne nyingi hata yakawa yetu. Jemadari alikuja na Mabulushi waliowatumikia masultani wa Unguja na kulinda ngome zao, nao walilipokea kutoka katika lugha za Uajemi na Bara Hindi. Akida hapo kale katika miji ya Mrima alikuwa kiongozi wa watu wa vita, mpaka Wajerumani walipoligeuza neno hilo likawa cheo cha mtawala mdogo aliyetumwa juu ya majumbe, na hivyo likapoteza harufu yake ya baruti. Jenerali, kanali, meja na luteni tumewapata kwa Waingereza. Lakini neno lililo karibu zaidi na moyo wa askari wetu, lile analolitamka mara mia kwa siku, ni afande, na hilo ni la Kituruki, efendi, lililopita Misri, likachukuliwa na askari wa Kisudani ambao Mjerumani Wissmann aliwaajiri Cairo mwaka 1889 ili wampigie vita vya pwani. Katika jeshi la Wajerumani effendi ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kukifikia mtu mweusi, na miaka ya 1950 Waingereza nao wakakiweka katika jeshi lao hapa Afrika Mashariki kwa maana ile ile: kilele cha Mwafrika, na juu yake huanza Mzungu. Leo neno hilo hilo hutamkwa kwa Jenerali mwenyewe, na sidhani kwamba wengi wanaolitamka hukumbuka kuwa zamani lilikuwa dari.

Niseme pia neno moja la pembeni juu ya mnadhimu, kwa kuwa Mkuu wa Majeshi hana msaidizi aliye karibu naye kuliko Mnadhimu Mkuu. Asili ya neno hilo ni ile ile iliyotupa nidhamu, na ndiyo iliyowapa washairi wetu kitenzi cha kunadhimu, yaani kutunga. Maana yake ya kwanza katika Kiarabu ni kutunga lulu katika uzi. Anayepanga vikosi na anayepanga mizani na vina wanafanya kazi moja kwa mujibu wa lugha, na mimi hufurahi kila ninapolikumbuka hilo.

Basi cheo chenyewe kilitoka wapi? Kabla ya uhuru hapakuwa na Mkuu wa Majeshi wa Tanganyika, kwa kuwa hapakuwa na jeshi la Tanganyika. Palikuwa na kikosi cha sita cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kilichoundwa upya mwaka 1917 wakati vita vikuu vya kwanza havijaisha, nacho kiliwachukua askari wengi waliokuwa wamewapigania Wajerumani. Kambi yake ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa ukumbusho wa mahali nchini Ethiopia ambapo askari wa Keya walipambana na Waitaliano mwezi wa Mei mwaka 1941. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikabadilika, na kikosi kikapewa jina jipya, Tanganyika Rifles. Lakini kamanda wake alibaki Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maafisa wengi walibaki Waingereza, na mshahara wa askari ulibaki mdogo. Usiku ule ule Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro. Nchi nzima ilimshangilia afisa mmoja Mwafrika aliye mlimani, na huku chini kambini askari walihesabu maafisa Waafrika waliokuwapo na hawakuwa na haja ya kuhesabu kwa muda mrefu.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya mapinduzi ya Unguja, askari wa Colito waliwakamata maafisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini, wakaishika redio, uwanja wa ndege na njia za Ikulu. Walikuwa na madai mawili: mshahara uongezwe, na Waingereza waondoke, washike Waafrika. Waziri Oscar Kambona aliwaendea kambini akasimama kati yao huku mitutu imemzunguka, na miongoni mwa waliyomtaka ayakubali palepale ni kwamba luteni mmoja Mwafrika, ambaye wao wenyewe walimtaja, awe kamanda wao. Kesho yake kambi ya Tabora nayo ikaasi.

Ni wajibu wetu kulitazama jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa wengi hulipita mbio. Dai la askari wale lilikuwa la haki kwa kiasi kikubwa. Nani leo atasema kwamba nchi huru ilistahili kuongozwa kijeshi na wageni? Lakini namna walivyolidai ilikuwa ni kumteua mkuu wa jeshi kwa ncha ya bunduki, na mkuu aliyeteuliwa na bunduki ni mtumwa wa bunduki, kwa kuwa mikono iliyompandisha usiku ndiyo itakayomshusha alfajiri. Lau jambo lile lingetimia, cheo cha Mkuu wa Majeshi kingalizaliwa katika nchi yetu kikiwa mali ya kambi. Tarehe 25 Januari, kwa ombi ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kuwa lilimtia fedheha, makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur mpaka Colito. Brigedia Douglas alikuwa pamoja nao, akiwaita kwa kipaza sauti askari ambao juma moja nyuma walikuwa wake, akiwataka waweke silaha chini. Nao hawakutoka mpaka roketi ilipolipiga jengo la walinzi. Hebu lione jambo hilo kwa jicho la fikira: kamanda mwenye cheo chake kamili begani, anapaza sauti nje ya lango la kambi yake, na ndani hapana anayeitika. Amri ilikuwa imekwisha siku nyingi kabla ya siku ile, maana waliotakiwa kutii hawakuiona tena kuwa inatoka kwao.

Jeshi lile likavunjwa. Walioasi waliletwa mbele ya mahakama au wakarudishwa makwao, na kwa miezi kadhaa nchi ililindwa kwa msaada wa kikosi cha Nigeria, wakati vijana wapya, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, wakiandikishwa na kufunzwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na siku hiyo ndiyo huadhimishwa mpaka leo. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, kwa ukumbusho wa mahali pale Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Jina la ushindi wa Keya likaondoka, likaja jina la ushindi wa wenye nchi.

Na juu ya jeshi hilo jipya akawekwa Mirisho Sarakikya, mtoto wa Meru, aliyehitimu chuo cha kijeshi cha Sandhurst mwaka 1961 na ambaye wakati wa maasi alikuwa Tabora. Alizaliwa mwaka 1934. Basi alikuwa kijana wa takriban miaka 30 alipokabidhiwa jeshi la dola. Wenzake wa umri huo katika majeshi ya Ulaya huwa wanaongoza kombania. Yeye alitakiwa kujenga jeshi kutoka katika majivu, kuwaingiza katika safu moja Watanganyika na wenzao wa Unguja baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, kupokea wakufunzi na silaha za mataifa mbalimbali bila ya kuwa mateka wa taifa lolote, na juu ya yote kuwafanya askari waamini kwamba kamanda mweusi ni kamanda. Aliifanya kazi hiyo miaka 10. Mwaka 1974 akakabidhi, akaingia katika uwaziri, na baadaye akatumwa nje kuwa balozi. Hakuna kishindo katika habari hiyo, na kwa hiyo magazeti hayakuiandika sana. Lakini kwa Afrika ya miaka ile, ambamo wakuu wa majeshi walikuwa wakihama kutoka makao makuu kwenda ikulu kwa vifaru, kuondoka kwa Sarakikya kwa miguu yake mwenyewe lilikuwa tendo kubwa mno. Ndilo lililoonyesha kwamba cheo hicho kina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Watu huniuliza Mkuu wa Majeshi hufanya nini nchi ikiwa katika amani. Nami huwajibu kwamba kazi zake kubwa ni zile zisizoonekana. Chini yake zimo kamandi za nchi kavu, anga na wanamaji, pamoja na Jeshi la Kujenga Taifa na jeshi la akiba, lile la mgambo. Yeye ndiye asemaye na Amiri Jeshi Mkuu kwa niaba ya wote hao, na heri au shari ya nchi hutegemea sana ukweli wa maneno hayo: je, atamwambia Rais kwamba risasi hazitoshi, kwamba kikosi fulani kimechoka, kwamba mpango anaoupenda hauwezekani? Mkuu anayejua kupiga saluti tu ni hasara kwa anayempigia. Kisha, baada ya kusema kweli yake faraghani, amri ikishatolewa kinyume cha rai yake, huigeuza kuwa yake na kuitekeleza kana kwamba aliitunga mwenyewe. Mambo hayo mawili, kusema bila woga na kutii bila kinyongo, ni nadra kukutana katika kifua kimoja, na ndiyo maana mtu hufunzwa miaka 30 au zaidi kabla ya kuaminiwa.

Vita vya Kagera vilipima jambo hilo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin wa Uganda walivuka mpaka, wakaitwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakaivunja daraja ya Kyaka. Mkuu wa Majeshi wakati ule alikuwa Abdallah Twalipo, na katika uwanja wa vita jina lililovuma lilikuwa la David Musuguri, aliyeongoza divisheni ya 20 na ambaye askari walimwita Jenerali Mutukula. Mwezi wa Machi 1979, huko Lukaya, kati ya maji na matope ya kinamasi, jeshi letu lilikutana na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Lilirudishwa nyuma kwanza, kisha likageuza mashambulizi na kushinda. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa imeanguka.

Sasa tafakari watu hawa wawili, Amin na Musuguri. Wote wawili walitoka katika Keya. Wote wawili walianza chini kabisa, wakibeba bunduki za mfalme wa mbali. Musuguri, aliyezaliwa Butiama mwaka 1920, aliingia jeshini mwaka 1942 na kufika mpaka Madagaska, na Amin aliingia miaka michache baadaye, akapanda hata akawa effendi mwaka 1959. Mazoezi yalikuwa mamoja, sare moja, na lugha ya amri moja, Kiswahili. Amin akapewa na nchi yake ukuu wa jeshi, naye tarehe 25 Januari 1971 akaitumia amri ile aliyoazimwa kumng'oa aliyemwazima, na yaliyoifika Uganda katika miaka minane iliyofuata hayahitaji kusimuliwa hapa. Musuguri aliingia Uganda na jeshi lililoshinda, mji mkuu wa nchi ya kigeni ukiwa umelala mbele yake bila mlinzi, na mwaka 1980 akapewa ukuu wa majeshi yote. Aliushika mpaka mwaka 1988, akaurudisha, akaenda zake kijijini. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akatunukiwa umri ambao wachache huupata, na alipofariki tarehe 29 Oktoba 2024 alikuwa na miaka 104.

Sisemi kwamba nchi yetu haikuwa na majaribu. Mwaka 1983 maafisa kadhaa walikamatwa kwa njama za kuipindua Serikali, na wengine wao wakahukumiwa kwa uhaini. Na kuna jambo jingine la kukiri waziwazi: tangu 1964 jeshi letu lilifungamanishwa na chama tawala, matawi ya chama yakiwa kambini, na askari akifundishwa siasa kama anavyofundishwa kulenga shabaha. Wako wanaosema kwamba kufungamana huko ndiko kulikotuepusha na mapinduzi, na huenda kuna ukweli. Lakini jeshi la chama ni jeshi la wananchi wa chama hicho tu, na mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 ilikuwa lazima uzi huo ukatwe. Ibara ya 147 sasa humkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki ya kupiga kura anayo. Aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wakati wa kukata uzi huo ni Ernest Mwita Kiaro, aliyeshika wadhifa kati ya 1988 na 1994, na kwa maoni yangu jina lake hutajwa mara chache kuliko linavyostahili. Kuliongoza jeshi kuvuka mto wenye adui ng'ambo ni kazi ya ushujaa. Kulivusha kutoka katika utii wa chama mpaka utii wa dola, bila ya hata risasi moja, kunahitaji ushujaa wa namna nyingine.

Waliomfuata walikuwa Robert Mboma, kisha George Waitara tangu 2001, kisha Davis Mwamunyange, aliyekaa miaka 10 kuanzia 2007, na katika muda wake askari wetu walishuka Anjouan mwezi wa Machi 2008 pamoja na majeshi mengine ya Umoja wa Afrika kuirudisha Serikali ya Komoro katika kisiwa chake. Akaja Venance Mabeyo mwaka 2017, na mwaka 2022 Jacob Mkunda.

Siku Mkunda alipoapishwa, tarehe 30 Juni 2022, nilikuwa barazani kwa jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye bado hupiga pasi shati lake la nyumbani hata mikunjo ya mikono isimame kama makali ya kisu. Runinga ilikuwa imewekwa juu ya kabati la vyombo, na mjukuu wake alikuwa akitutilia kahawa kwa dele. Ikaonyeshwa Ikulu: Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa Kizimkazi, mwenye mtandio wake kichwani, akimvisha mabegani alama za cheo cha Jenerali mtu aliyemzidi kimo. Mzee akaweka kikombe chini. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama, mikono imeshikana na mapaja, asiseme neno. Jenerali mpya akarudi hatua moja nyuma, akapiga saluti. Mjukuu akauliza, "Babu, mbona yeye ndiye mkubwa wa jeshi, naye anapiga saluti?" Mzee hakumjibu mpaka mkono wa Jenerali uliposhuka. Ndipo akakaa, akafungua kifungo, akamwambia alete tende.